Edward Emerson Barnard: Mpigapicha wa Giza

Edward Emerson Barnard alizaliwa tarehe 16 Desemba 1857 mjini Nashville, Marekani. Babaye alikuwa amekwisha kufariki, na mama akasalia kuwalea wanawe wawili katika ukata usiosemeka. Shuleni alikaa miezi miwili tu. Alipokaribia umri wa miaka tisa, alitiwa kazini katika studio ya picha. Juu ya paa la studio hiyo kulikuwa na mtambo mkubwa wa kukuzia picha kwa mwangaza wa jua, na ulihitaji mtu wa kuuzungusha polepole kutwa nzima ili jua lisiponyoke kwenye lenzi. Wavulana waliomtangulia walishindwa na usingizi. Barnard hakusinzia.

Katika studio hiyo alidumu takriban miaka 17, akajifunza dawa za kusafishia picha na siri za weupe na weusi. Akiwa kijana alinunua darubini iliyomgharimu sehemu kubwa ya mshahara wake wa mwaka. Mnamo 1877 mwanafalaki mashuhuri Simon Newcomb alimshauri ajifunze hisabati kwanza, na inasimuliwa kwamba kijana huyo alilia. Hata hivyo, alianza kugundua kometi, yaani nyota zenye mkia, na kila moja ilimletea tuzo ya dola 200 kutoka kwa tajiri mmoja. Kwa fedha hizo alimjengea nyumba mkewe, Rhoda Calvert.

Mwaka wa 1888 alijiunga na kituo cha Lick, kileleni mwa Mlima Hamilton, California. Watu wengi humkumbuka kwa kugundua mwezi wa tano wa Mshtarii mwaka wa 1892. Sifa hiyo alistahili, ila kazi yake kuu ilikuwa nyingine. Kituoni mlikuwa na lenzi kuukuu iliyotumiwa awali na mpigapicha wa San Francisco kupigia picha nyuso za wateja. Barnard aliielekeza kwenye Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokatiza anga.

Mwangaza wa mawingu ya mbali ni hafifu mno, na jicho haliwezi kuulimbikiza. Bamba la kioo lililopakwa dawa huweza: haba na haba hujaza kibaba. Leo mpigapicha wa anga hupiga picha nyingi, kisha tarakilishi ikazipanga nyota juu ya nyota na kuzijumlisha, iliyoharibika hutupwa. Barnard alilazimika kuijumlisha hesabu yote ndani ya bamba moja. Alikaa kwenye baridi, jicho likiwa darubinini, akiisahihisha mitambo kwa mkono ili nyota moja isitoke mahali pake. Akikosea katika saa ya nne, saa zote nne zilipotea. Mnamo Desemba 1893 alilifunua bamba moja kwa kundi la Kilimia kwa muda wa saa kumi na zaidi, katika usiku zaidi ya mmoja, akapata mawingu hafifu yaliyotanda mbali na nyota zake. Kazi ya mtoto wa paani ilikuwa imegeuka; sasa alizifuata nyota badala ya jua.

Mabamba hayo yalionyesha pia mabaka meusi kati ya nyota. William Herschel alikuwa ameyafikiria kuwa matundu angani, na Barnard mwenyewe kwa miaka mingi aliyaita hivyo. Hakuwa mwepesi wa kubadili kauli. Usiku mmoja wa kiangazi, mwaka wa 1913, alipokuwa akipiga picha, aliona vijiwingu vya kawaida vya dunia vikipita mbele ya Njia Nyeupe. Vilikuwa vyeusi tititi, mithili ya matone ya wino. Mabaka ya mabamba yake yalifanana navyo! Basi giza lile lingeweza kuwa kitu chenye kuziba nyota zilizo nyuma yake. Mwaka wa 1919 alichapisha orodha ya mabaka 182. Sasa inajulikana kwamba mengi ni mawingu ya gesi na vumbi.

Ilibaki kuwaonyesha wengine. Bamba la kioo hubeba tofauti nyingi za mwanga kuliko karatasi. Ukiuokoa ukungu hafifu, nyota huungana kuwa doa jeupe. Barnard alitengeneza mabamba ya nakala, akiukoleza ukungu kwa kiasi, asije akaumba kisichokuwapo. Uchapaji wa wino haukumridhisha hata kidogo. Aliamua kila nakala ya atlasi yake ibandikwe picha halisi zilizosafishwa kwa dawa, na atlasi zilikuwa 700. Alizikagua picha hizo mwenyewe moja baada ya nyingine, zaidi ya 35,000. Mzalendo wa ukweli au mtumwa wa ukamilifu? Pengine yote mawili, kwani maandishi ya atlasi yalizidi kuchelewa.

Rhoda alifariki mwaka wa 1921. Barnard alimfuata tarehe 6 Februari 1923, huko Wisconsin, kazi ikiwa bado mezani. Mkuu wa kituo cha Yerkes, Edwin Frost, na Mary Calvert, mpwa wa Rhoda aliyekuwa msaidizi wa Barnard, waliikamilisha, na atlasi ikatoka mwaka wa 1927. Wingu jeusi lenye umbo la kichwa cha farasi, lililo katika kundi la Orion, hadi leo huandikwa B 33.