Ernest Everett Just: Mwalimu aliyeonyesha jinsi yai linavyofunga mlango

Katika vipindi vyetu vya ufugaji kuna swali lisilokosa: kwa nini ng'ombe amehimilishwa mara mbili au tatu na bado hashiki mimba? Mtaalamu wa mifugo akijibu huanza na muda. Ng'ombe alionekana kwenye joto saa ngapi? Mbegu zimewekwa saa ngapi? Yai halidumu, na likipitwa na wakati wake, mbegu bora namna gani haitasaidia.

Chuo kikuu mambo haya husomwa katika masomo mawili yanayokwenda pamoja: fiziolojia ya wanyama, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi, na elimu ya ukuaji, yaani jinsi yai moja linavyogeuka kuwa kiumbe kamili. Leo tunasimulia maisha ya mtu aliyeyapa masomo hayo umri wake wote. Ni Mmarekani mweusi, Ernest Everett Just.

Mtoto wa mama mwalimu

Just alizaliwa tarehe 14 Agosti 1883 katika mji wa Charleston, jimbo la South Carolina. Baba yake, fundi wa kujenga gati, alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Mama yake, Mary, alifundisha shule, na ili familia iishi alifanya pia kazi kwenye machimbo ya fosfeti. Alikuwa mtu wa kuheshimika katika jamii yake, hata kijiji cha watu weusi alichosaidia kukianzisha kikaitwa Maryville kwa jina lake.

Mama huyo aliona kwamba shule za kusini, zilizotenga watoto weusi, zisingemfikisha mwanawe mbali. Just alipofika miaka 16 alikwenda kaskazini, katika shule ya Kimball Union, jimbo la New Hampshire. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, mwaka 1903. Lakini alipokuwa huko mama yake alifariki, na aliporudi nyumbani alikuta ameshazikwa.

Aliendelea na chuo cha Dartmouth na kuhitimu mwaka 1907 kwa heshima ya juu. Hapo ndipo alipoipenda biolojia. Hata hivyo, msomi mweusi wa wakati ule hakuwa na milango mingi ya kubisha. Alipata kazi katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, chuo cha watu weusi. Alianza kwa kufundisha Kiingereza, kisha akahamia biolojia, na mwaka 1912 akawa mkuu wa idara ya zoolojia. Alifundisha pia fiziolojia kwa wanafunzi wa udaktari.

Taa usiku baharini

Kuanzia mwaka 1909, karibu kila majira ya joto, Just alikwenda kwenye maabara ya viumbe wa baharini ya Woods Hole, jimbo la Massachusetts. Huko alifanya kazi chini ya Profesa Frank Lillie wa Chuo Kikuu cha Chicago. Walichunguza minyoo wa baharini ambao hupanda juu ya maji usiku wa giza, mbalamwezi isipokuwepo, ili kutaga na kurutubisha mayai. Waliwakusanya kwa mwanga wa taa. Wavuvi wetu wa dagaa wanaijua vizuri kazi ya namna hiyo.

Kwa nini minyoo? Mayai ya wanyama hawa hurutubishwa nje ya mwili, ndani ya maji. Mtafiti anaweza kuliweka yai chini ya hadubini na kuona kila hatua kwa macho yake, jambo lisilowezekana ndani ya tumbo la ng'ombe.

Mwaka 1912 Just alichapisha utafiti wake wa kwanza. Alionyesha kwamba mahali mbegu ya kiume inapoingilia ndipo unapopita mstari wa kwanza wa yai kugawanyika kuwa seli mbili. Mwaka 1916 Chuo Kikuu cha Chicago kilimpa shahada ya uzamivu. Mwaka mmoja kabla, chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kilikuwa kimemtunuku medali ya Spingarn. Alikuwa mtu wa kwanza kabisa kuipata.

Mlango wa yai

Wanasayansi wengi wa wakati ule waliyaelekeza macho yao kwenye kiini cha seli. Just aliangalia sehemu ya nje. Alichunguza pia mayai ya viumbe wale wa duara wenye miiba ambao mvuvi akiwakanyaga huchechemea siku kadhaa. Aliona kwamba mbegu moja ikishagusa na kuanza kuingia, badiliko fulani hutoka pale na kuenea haraka juu ya yai lote. Baada ya hapo mbegu nyingine haipokelewi. Ndipo utando hunyanyuka na kulizunguka yai kama uzio.

Jambo hili ni la uhai na kifo. Kwa wanyama hao, mbegu mbili zikiingia kwenye yai moja, kiinitete huharibika. Kwa hiyo yai si mfuko unaokaa tu kungoja kujazwa. Lina kazi yake, na linajilinda. Katika miaka ya 1970 watafiti waliopima umeme juu ya yai walithibitisha kwamba kweli lipo zuio la haraka linalotangulia utando.

Just alisisitiza jambo jingine pia: yai lililoteswa halisemi kweli. Vyombo viwe safi, maji ya bahari yawe mapya, joto lisizidi, na muda uzingatiwe. Wenzake walimwendea kuuliza kwa nini majaribio yao hayafaulu, na mara nyingi kosa lilikuwa kwenye matunzo. Mwaka 1939 alitoa kitabu kizima kuhusu njia hizo, na kingine kikubwa kuhusu uso wa seli.

Msomi asiye na nafasi kwao

Pamoja na sifa zote hizo, hakuna chuo kikuu kikubwa cha utafiti cha wazungu nchini Marekani kilichompa kazi. Howard ilimheshimu, lakini mzigo wa kufundisha ulikuwa mkubwa na fedha za utafiti zilikuwa chache. Kuanzia mwaka 1929 alikimbilia Ulaya: Naples nchini Italia, kisha Berlin, na baadaye Ufaransa. Huko alipokewa kama mwanasayansi.

Vita vikamfuata. Wajerumani walipoivamia Ufaransa mwaka 1940, alishikwa na kuwekwa kambini kwa muda mfupi. Aliachiwa, akarudi Marekani akiwa mgonjwa. Saratani ya kongosho ilimuua mjini Washington tarehe 27 Oktoba 1941, akiwa na miaka 58. Nchi iliyomnyima nafasi ilitoa stempu yenye picha yake mwaka 1996, miaka 55 baada ya kifo chake.

Tunawasimulia habari hii vijana wanaosoma biolojia shuleni, na wazazi wanaouza mbuzi ili walipe ada. Just hakuanza na vifaa vya gharama. Alianza na mnyoo wa baharini, taa, chombo kisafi na subira ya kukaa macho usiku. Na mfugaji anayeandika kwenye daftari saa ambayo ng'ombe wake ameingia kwenye joto tayari anafuata alichofundisha Just, kwamba kiumbe hai lazima umfuate kwa wakati wake.