MSHIKA MBILI AMBAYE HAKUPONYOKWA

Ndugu Mhariri,

Vijana wetu wanaopenda sanaa huambiwa kila siku kwamba mshika mbili moja humponyoka. Anayepiga ngoma akitaka na kuchora, huchekwa. Kwa hiyo nawakumbusha wasomaji wenzangu maisha ya Mmarekani mmoja, marehemu George Wettling.

Wettling alizaliwa Novemba 28, 1907, mjini Topeka, Kansas, akakulia Chicago. Huko ndiko alikomsikia Baby Dodds, mpiga ngoma Mweusi wa New Orleans, aliyekuwa katika bendi ya King Oliver. Wettling alikuwa Mzungu, na ubaguzi wa rangi ulikuwa mkali. Mwaka 1919 damu ilikuwa imemwagika mitaani Chicago kwa sababu hiyo. Hata hivyo hakuona haya kujifunza kwa Dodds, na baadaye aliandika kumsifu.

Katika miaka ya 1930 alipiga ngoma katika bendi kubwa za Artie Shaw, Bunny Berigan, Red Norvo na Paul Whiteman. Katika miaka ya 1940 aliajiriwa na shirika la redio la ABC, na usiku alipiga jazi New York pamoja na Eddie Condon. Mwaka 1957 alifuatana na bendi ya Condon kwenda Uingereza.

Lakini Wettling alishika pia brashi. Mwalimu wake alikuwa Stuart Davis, mchoraji mashuhuri aliyezaliwa 1892 na aliyependa mno jazi. Picha zao hazikuiga mtu au nyumba kama jicho linavyoviona. Zilikuwa za maumbo na rangi kali zilizopangwa kwa kupishana. Urafiki wao ulikuwa mkubwa hata Davis alipopata mwana mwaka 1952, alimwita George Earl, kwa heshima ya Wettling na mpiga piano Earl Hines.

Kwa maoni yangu, Wettling hakuponyokwa kwa sababu mbili. Kwanza, alianza kwa kushika moja barabara. Alikuwa fundi wa ngoma, mwenye kazi na mshahara, kabla ya kujulikana kwa picha. Pili, kazi zake zilikuwa ndugu. Mpiga ngoma hupima mahali pa kugonga na mahali pa kunyamaza. Mchoraji wa namna ile hupima mahali pa rangi na mahali pa kuacha wazi. Aliyezoea kipimo kimoja hakuwa mgeni wa kile cha pili.

Wettling alifariki New York Juni 6, 1968, akiwa na umri wa miaka 60.

Ndugu Mhariri, bendi zetu maarufu kama Morogoro Jazz na Western Jazz zilichukua jina la muziki huo huo. Basi tuchukue na fundisho hili. Wazazi na walimu wasimnyang'anye kijana brashi kwa sababu tu ana vijiti vya ngoma mkononi. Wamwulize kwanza kama hiyo ya kwanza ameishika sawasawa. Kama ameishika, wamwache aongeze ya pili.

Mpenda Sanaa,
Tabora.