Mangungo wa Msovero: mzee aliyehukumiwa kwa karatasi asiyoweza kuisoma

 

Ndugu Waislamu, ni nadra kumpata Mtanzania aliyesoma historia shuleni asilijue jina la Chifu Mangungo wa Msovero. Jina hilo limekwisha kuwa msemo. Ukizuka mjadala wa mkataba unaotiliwa shaka, uwe wa madini, wa umeme au wa bandari, hutajwa Mangungo, na msikilizaji huelewa bila ya kuelezwa. Lakini ukiwauliza wanaolitaja kwamba mzee huyo alikuwa mtoto wa nani, wa ukoo upi, na nchi yake ilianzia wapi na kuishia wapi, wengi watanyamaza. Ni ajabu mtu kujulikana na taifa zima kwa siku moja tu ya uhai wake.

Siku yenyewe ni Jumamosi, Novemba 29, mwaka 1884, katika mwezi wa Safar wa mwaka 1302 Hijria. Mahali ni Msovero, ambayo siku hizi huandikwa zaidi Msowero, kata ya Wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, kaskazini ya mji wa Kilosa, katika njia iendayo Dumila.

Hatuwezi kumwelewa mzee huyu bila ya kuutazama kwanza ulimwengu alioishi. Bonde la Mto Mkondoa lilikuwa mlango wa misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji. Burton na Speke walipita pande hizo mwaka 1857, na Stanley akapita mwaka 1871. Misafara ilileta nguo, shanga, baruti na bunduki. Ikaondoka na pembe za ndovu, na mara nyingi ikaondoka na wanadamu. Upande wa mashariki Kisabengo alikuwa amejenga ngome yake Morogoro, na Stanley alipopita, aliyetawala hapo alikuwa binti yake, Simbamwene. Kusini Wahehe walikuwa wakijitanua, na kaskazini Wamasai wakishuka kutafuta ng'ombe. Watawala wa Usagara na Ukaguru walikuwa wengi na wadogo wadogo. Kwa mtawala wa namna hiyo, mgeni mwenye bunduki anayetaka urafiki hakuwa mtu wa kufukuzwa mlangoni. Mimi naona hapa ndipo pa kuanzia kumpima Mangungo, kabla hatujamwita mjinga au msaliti.

Mgeni aliyekuja ni Carl Peters, Mjerumani wa umri wa miaka 28, mjumbe wa Chama cha Ukoloni wa Kijerumani kilichoundwa Berlin mwaka huo huo wa 1884. Serikali ya Bismarck haikuwa imemtuma wala haikumwahidi ulinzi. Yeye na wenzake Jühlke, Pfeil na Otto walisafiri kwa majina ya kughushi, wakafika Zanzibar mwanzoni mwa Novemba, wakavuka hadi Saadani na kuelekea bara. Katika muda wa wiki tano hivi walikusanya mikataba kumi na miwili, na katikati ya Desemba Peters alikuwa amekwisha kurudi pwani. Utaratibu wake ameueleza mwenyewe katika maandishi yake: zawadi, kinywaji kikali, kusomwa kwa karatasi, kupandishwa bendera, kisha mizinga mitatu ya bunduki ili wenyeji wajue nini kitawafika wakienda kinyume.

Karatasi ya Msovero iliandikwa kwa Kijerumani. Inaanza kwa maneno ya urafiki wa milele baina ya pande mbili. Kisha inaeleza kwamba Mangungo, anayeitwa humo Sultani, anatoa nchi yake yote pamoja na haki zake zote, alizozipata kwa urithi au kwa njia nyingine, kwa ajili ya ukoloni wa Kijerumani, daima dumu. Alichoahidiwa yeye ni kwamba Msovero itaangaliwa kwa namna ya pekee wakati Usagara itakapofanywa koloni. Inaelezwa pia kuwa mkalimani aitwaye Ramazani alimfafanulia maneno yote kwa uwazi, na kwamba alipoulizwa alikana kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, tena akakana hata kumjua. Wazungu wakaweka saini zao. Mangungo akaweka alama.

Sasa ndugu msomaji, chukua karatasi hiyo uisome kwa mizani tuliyofundishwa sisi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii swala wala funga. Inazungumzia kuandikiana. Humo tumeamrishwa kuwa mwandishi aandike kwa uadilifu, kuwa anayedaiwa ndiye atamke yatakayoandikwa, kuwa akiwa mnyonge au hawezi kutamka basi msimamizi wake atamke kwa haki, na kuwa wawepo mashahidi wanaokubalika. Msovero mwandishi alikuwa ndiye mwenye kufaidika. Maneno aliyatamka yeye, si yule aliyetakiwa kutoa. Mashahidi, Pfeil, Jühlke na Otto, wote walikuwa watu wa upande mmoja. Na baina ya Kijerumani cha Peters na lugha ya nyumbani kwa Mangungo alisimama Ramazani peke yake, naye kwa jina lake huenda alikuwa ndugu yetu katika imani. Tusimhukumu na yeye. Yaliyotoka kinywani mwake hayakuandikwa popote. Lakini ni lugha gani ya Usagara ya wakati ule ingebeba maana ya kuitoa nchi, na makaburi ya wazee wake, na mvua yake, kwa watu wa mbali wasiojulikana?

Karatasi hiyo inajipinga yenyewe. Pale pale inaposema kuwa Mangungo ana haki zote za kutoa, inaongeza kuwa haki za Mwinyi Sagara zibaki kama zipo, maana yake juu yake huenda yuko mkubwa wake. Siku chache baadaye, mapema Desemba, Peters akafika kwa huyo Mwinyi Sagara na kupata alama yake pia. Kuhusu madai ya kutomjua Sultani wa Zanzibar, tukumbuke kuwa siku chache kabla ya kufika Msovero Peters alikuwa amekutana huko Nguru na mtu wa Sultani huyo, Salim bin Hamid, akamwandikia naye maelezo ya kukana mamlaka ya bwana wake katika nchi za bara. Maneno kama hayo hayakukusudiwa yasikike Msovero. Yaliandikwa yasomwe Berlin na London.

Lipo jambo kubwa zaidi, ambalo vitabu vyetu vya shule havilitaji. Wasagara na Wakaguru ni watu wanaofuata ukoo wa mama. Ardhi kwao ilikuwa ya ukoo, na kila nchi ilikuwa na ukoo wake uliokuwa ukitambika katika makaburi ya wazee ili mvua inyeshe na mazao yastawi. Sisi Waislamu hatuyafuati matambiko hayo, lakini sheria ya umiliki iliyokuwa nyuma yake inaeleweka wazi: mkubwa wa ukoo alikuwa mwangalizi. Cheo chake hakikwenda kwa mwanawe, kilikwenda kwa mdogo wake au kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Mtu asiyeweza kumrithisha ardhi mtoto wake wa kumzaa angewezaje kumpa mgeni? Mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.) yamekataza mtu kuuza asichokimiliki, na biashara ya namna hiyo wanazuoni wanaihesabu kuwa si biashara.

Pamoja na hayo karatasi ilifanya kazi iliyotumwa. Februari 27, 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kumalizika, Mfalme Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya ulinzi juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Sayyid Barghash bin Said alipinga kutoka Zanzibar. Agosti ya mwaka huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri yake, naye akalazimika kukubali.

Utawala wa Wajerumani wenyewe ndio uliokuja kutoa ushahidi wa kumtetea Mangungo, bila ya kukusudia. Novemba 26, 1895, siku tatu kabla ya mkataba wa Msovero kutimiza miaka 11, ilitolewa amri ya kifalme kwamba ardhi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani haina mwenyewe, na kwa hiyo ni mali ya dola, isipokuwa pale ambapo mtu, mtawala au jamii ya wenyeji ingethibitisha umiliki. Mwaka 1884 walihitaji ardhi iwe na mwenyewe ili apatikane wa kuitoa. Mwaka 1895 walihitaji isiwe na mwenyewe ili asipatikane wa kuidai.

Nini basi kimebaki cha kumtafutia mzee huyu na wenzake wa zama zile? Swali hili ni la familia nyingi za Kilosa, si la kizazi cha Mangungo peke yake. Mtume (S.A.W.) alituhimiza tuzijue nasaba zetu ili tuunge udugu, na mtu wa Kilosa anayemtafuta babu wa babu yake hukutana na ukuta huu huu.

Katika kumbukumbu za ardhi za wakati wa Wajerumani aghalabu utakutana na kampuni na walowezi wa mashamba ya pamba na katani ya Kimamba, Kilosa na Rudewa, na mwenyeji hutokea kama jirani wa mpaka. Waingereza nao, kwa sheria yao ya mwaka 1923, waliitangaza ardhi yote kuwa ya umma, na ilipofika 1928 ndipo haki ya mwenyeji ya kimila ilipotambuliwa waziwazi, tena bila ya karatasi yenye jina lake. Sensa ndiyo inayowavunja moyo wengi zaidi. Sensa za mwaka 1921, 1931, 1948 na 1957 zilihesabu wenyeji kwa makabila na wilaya, na kilichochapishwa ni jumla. Hata baada ya uhuru, ile ya 1967 ndiyo ya mwisho iliyouliza dini na kabila. Kinachosaidia kidogo ni orodha za kodi ya kibanda, iliyoanza mwaka 1898, kwa sababu kodi hutaka jina la mwenye nyumba.

Mahakama zina utajiri zaidi. Hapa sisemei kesi ya Peters, ingawa naye alihukumiwa: mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ya watumishi wa serikali ilimfukuza kazi kwa kuwanyonga huko Kilimanjaro mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodia. Mikataba yake haikuguswa. Nasemea mahakama za wenyeji zilizowekwa na Waingereza, ambamo mashauri ya mashamba na mirathi yaliwalazimu wadai kuutaja ukoo wao kizazi baada ya kizazi, na kuwaleta wazee kushuhudia. Kilosa mashauri hayo yana mvuto wa pekee, kwa sababu Uislamu ulikwisha kuenea, na huyu anadai kama mtoto kwa sheria ya Kiislamu, yule anadai kama mpwa kwa mila ya mama. Kwa hiyo anayetafuta mizizi yake huko asiishie kwenye jina la baba. Aulize bibi alitoka ukoo gani, na mjomba alizikwa wapi.

Vipo pia Vitabu vya Wilaya, ambamo maofisa wa Kiingereza waliandika habari za koo na watawala walizosimuliwa, na Kilosa ina chake. Mtaalamu wa Kimarekani, Beidelman, alichapisha historia ya Ukaguru mwaka 1962, akiwa amekaa na wazee wa huko. Aidha maakida wa Kijerumani, wengi wao Waislamu kutoka pwani, waliandikiana barua kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Kijana aliyehitimu msahafu madrasa, akijizoeza kidogo, ataweza kuzisoma barua za namna hiyo kuliko msomi mwenye shahada asiyejua alifu wala be. Kumbukumbu za Wajerumani na za Waingereza zilizobaki nchini zimo katika Nyaraka za Taifa, Barabara ya Vijibweni, Upanga, jijini Dar es Salaam.

Nyaraka za Ofisi ya Makoloni ya Ujerumani ziko Berlin. Katika mji huo huo, Agosti 2024, barabara iliyokuwa imebeba jina la Peters tangu mwaka 1939 ilibadilishwa, na sehemu yake moja sasa inaitwa kwa jina la Vita vya Majimaji. Mangungo bado hajapata afueni kama hiyo hapa nyumbani. Tumekatazwa kuwatusi waliokufa, kwa kuwa wamekwisha kuyafikia waliyoyatanguliza, na karatasi tunayomtusi kwayo haimtaji mama yake, wala ukoo wake, wala dini yake. Inayo alama tu, iliyotiwa na mkono wake mbele ya bunduki za wageni.

Wallahu a'alam.