Arthur Samuel, mtu aliyefundisha kompyuta kusoma nia ya mabingwa wa dama

Bingwa wa dama haongei akiwa mchezoni. Anasogeza kete, anamngoja mwenzake. Anayesimama kando akitaka kujifunza, ni lazima ajiulize mwenyewe kwa nini bingwa amesogeza kete ile na kuiacha nyingine. Mmarekani Arthur Samuel ni mmoja wa watu wa kwanza walioipa kompyuta kazi hiyo ya kuangalia na kukisia.

Samuel alizaliwa mwaka wa 1901 katika mji wa Emporia, jimbo la Kansas. Alisomea umeme katika chuo kikuu cha MIT, na mwaka wa 1928 akaajiriwa katika maabara za Bell. Wakati wa vita vya pili vya dunia alishughulikia vyombo vya rada. Mwaka wa 1946 akawa profesa katika chuo kikuu cha Illinois, ambako wenzake walitamani kujenga kompyuta lakini pesa zilikosekana.

Hapo ndipo alipopata wazo la dama. Alifikiri kwamba mchezo huo ni rahisi, kwamba mashine ndogo ingeweza kumshinda bingwa wa dunia, na kwamba sifa ya ushindi ingeleta pesa za utafiti. Alijidanganya. Kazi aliyoidhani ya miezi michache ilimchukua zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka wa 1949 alihamia shirika la IBM. Programu yake ya dama ilianza kucheza kwenye kompyuta ya IBM 701, na mwaka wa 1956 Wamarekani waliiona kwenye televisheni. Miaka mitatu baadaye alitoa makala iliyotangaza duniani jina la fani nzima: mashine kujifunza zenyewe.

Samuel mwenyewe hakuwa mchezaji hodari. Je, mtu anawezaje kufundisha ufundi asiokuwa nao? Njia moja aliyotumia ni kuchezesha programu dhidi ya nakala yake yenyewe. Njia nyingine ilikuwa vitabu vilivyoandika michezo ya mabingwa, hatua kwa hatua.

Kazi ilikwenda hivi. Mashine ilipewa hali ya ubao jinsi bingwa alivyoikuta, ikapima kila hatua inayoruhusiwa na kuipa alama. Kisha ililinganisha alama hizo na hatua aliyoichagua bingwa. Kama mashine iliziweka hatua nyingine juu ya ile ya bingwa, basi mizani yake ilikuwa na kosa, na ilijirekebisha: labda kushika katikati ya ubao kuna faida kuliko ilivyodhani. Hakuna aliyeiambia sababu za bingwa. Ilizikisia kutokana na matendo yake. Katika utafiti alioutoa mwaka wa 1967, mashine ilikuwa imepitia hali za ubao zaidi ya 100,000 za namna hiyo.

Matokeo yalikuwa na pande mbili. Mwaka wa 1962 programu ilimshinda Robert Nealey, mchezaji kipofu aliyejulikana Marekani, na magazeti yakashangilia. Lakini Nealey aliporudiana nayo, mashine haikushinda hata mchezo mmoja. Mwaka wa 1966 ilikutana na mabingwa wawili wakubwa, Walter Hellman na Derek Oldbury. Ilicheza michezo minne na kila mmoja, ikapoteza yote minane. Kujua hatua ambayo bingwa angechagua ni jambo moja, kuona mbali kama yeye ni jambo lingine.

Wakati huo watu wengi waliogopa kwamba mashine zitawatawala. Mwanahisabati Norbert Wiener alipotoa onyo hilo, Samuel alimjibu mwaka wa 1960 katika jarida la Science. Alishikilia kwamba mashine haina nia yake yenyewe, nia hutoka kwa mwanadamu anayeiongoza. Programu yake ilionyesha jambo hilo: ingawa ilibadilisha mizani mingi, uzito wa kuwa na kete nyingi kuliko mpinzani aliuweka yeye mwenyewe, wala hakuiachia mashine kuubadilisha.

Mwaka wa 1966 aliondoka IBM akaenda chuo kikuu cha Stanford, na alikuwa bado anaandika programu akiwa na zaidi ya miaka 80. Alifariki tarehe 29 mwezi wa saba mwaka wa 1990, akiwa na miaka 88, baada ya kuugua Parkinson.

Miaka kumi baada ya kifo chake, Andrew Ng na Stuart Russell walionyesha kwa hesabu jinsi mashine inavyoweza kutafuta lengo la mtaalamu kwa kuangalia matendo yake tu. Baadaye, huko huko Stanford, helikopta ndogo isiyo na rubani ilijifunza michezo migumu ya angani kwa kumfuata rubani stadi.

Swali alilojibizana na Wiener bado liko mezani. Matendo yaleyale yanaweza kutoka kwenye nia zaidi ya moja, na mashine inayokisia vibaya itafuata lengo ambalo hakuna aliyelitaka. Kwenye dama, kosa hilo lilimgharimu Samuel kete. Barabarani au hospitalini, litamgharimu mtu.