Seyyid Barghash na Maji ya Mfereji

Mtanisamehe nikianza habari za mfalme kwa kutaja tundu la maji machafu la chumba cha kuogea. Sikupenda iwe hivyo, lakini ndivyo habari hii ilivyonijia.

Nyumba yetu iko hapa hapa Kiembe Samaki, si mbali na njia iendayo uwanja wa ndege. Katika likizo iliyopita tulifunga mlango tukaenda Makunduchi, kwao bibi, kwa sikukuu ya Mwaka Kogwa, tukakaa huko mwezi mzima. Siku tuliyorudi, baba alipofungua mlango tulipokewa na uvundo kama wa mayai viza. Ulikuwa ukitoka katika chumba cha kuogea cha nyuma, kilicho karibu na chumba cha bibi. Mama alipiga deki, akamwaga dawa, akafukiza ubani. Uvundo ulinyamaza kidogo, kisha ukarudi kama mgeni asiye na haya.

Bibi ni mtu wa usafi tangu ujana wake. Majirani walipokuja kumwamkia aliona wanakaa kidogo na kuondoka, akadhani wanafikiri harufu ile ni yake yeye. Akaanza kujifungia chumbani, na siku ya nne nilimkuta anafunga kifurushi chake ili arudi shamba. Nilihuzunika sana, kwa kuwa bibi ana maradhi ya sukari na humpasa kuhudhuria kliniki mjini kila mwezi. Tulimsihi angoje japo siku mbili.

Jambo hili nilimweleza mwalimu wetu wa Historia. Hakunicheka. Aliniambia kuwa mji mzima wa Unguja uliwahi kuwa na aibu kama ile ya nyumba yetu, na kwamba nikitaka kujua ni nani aliyeuletea mji maji safi, nisome maisha ya Seyyid Barghash. Nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Barghash bin Said bin Sultan alizaliwa karibu na mwaka 1837. Alikuwa mmoja katika watoto wengi wa Seyyid Said, yule aliyehamisha makao yake kutoka Maskati akaja kukaa Unguja. Seyyid Said alipofariki baharini mwaka 1856, kiti cha Unguja kilikwenda kwa mwanawe mwingine, Seyyid Majid. Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 alifanya njama ya kumpindua ndugu yake. Dada yao, Seyyida Salme, ambaye alikuwa msichana mdogo bado lakini anajua kuandika, ndiye aliyekuwa karani wa njama ile, naye baadaye aliisimulia katika kitabu kilichotoka Ujerumani mwaka 1886. Askari wa Majid waliizunguka nyumba ya Barghash, naye akatoroka usiku amejifunika nguo za kike katikati ya wanawake, akakimbilia shamba la Marseilles. Waingereza walimsaidia Majid, njama ikavunjika, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay.

Alikaa huko kiasi cha miaka miwili. Bombay ulikuwa mji mkubwa wenye watu wengi, na wakati ule ule ndipo ulipoanza kupata maji ya bomba kutoka bwawa la Vihar, kazi iliyokamilika mwaka 1860. Aliporudi kwao alitulia akangoja zamu yake.

Mji wa Unguja aliourudia ulikuwa tajiri na mchafu kwa pamoja. Utajiri wake ulitokana na pembe, na karafuu zilizochumwa na watumwa, na biashara ya watumwa wenyewe. Visima vya mjini vilitoa maji ya munyu. Vyoo vya nyumba za mawe vilikuwa mashimo ya chini kwa chini, na njia zilikuwa nyembamba hata upepo hupita kwa taabu. Takataka zilitupwa pwani, na hata maiti za watumwa waliokufa ziliachwa kwenye mchanga zingoje maji kujaa. Livingstone, msafiri maarufu aliyepita hapa mwaka 1866, aliubandika mji wetu jina la dhihaka kwa sababu ya uvundo wake. Halafu, mwaka 1869 na 1870, kikaja kipindupindu kikaua watu kwa maelfu. Daktari mmoja Mskoti, James Christie, aliyekuwa akitibu watu hapa, aliandika habari za maradhi hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1876.

Hiyo ndiyo hali aliyoirithi Seyyid Barghash aliposhika ufalme mwezi wa Oktoba 1870, baada ya kufa Majid. Wala mikosi haikuishia hapo. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga kisiwa, ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuvunja majahazi bandarini. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Hakutia sahihi kwa mapenzi yake; Waingereza walitishia kukizingira kisiwa kwa manowari. Hapana budi kuyasema haya, kwa sababu anayesoma maisha ya mtu mkubwa asisome sifa peke yake. Hata dada yake Salme, aliporudi Unguja mwaka 1885 kudai urithi wake, hakupata kwake ila kukataliwa.

Mwaka 1875 Seyyid Barghash alialikwa Uingereza. London nayo ilikuwa na hadithi yake ya uvundo. Katika kiangazi cha mwaka 1858, mto Thames ulinuka vibaya kwa vinyesi vya mji hata wabunge wakashindwa kukaa katika Bunge lao. Ndipo mhandisi Joseph Bazalgette alipopewa fedha za kujenga mitaro mikubwa chini ya ardhi ili kuyapeleka maji machafu mbali na mji. Seyyid Barghash alipofika London, kazi hiyo ilikuwa inaelekea kumalizika.

Aliporudi kwake alijenga sana. Majumba ya Maruhubi na Chukwani ni yake, na Chukwani ni jirani zetu kabisa. Huko alikuwa akienda kupumzika na kupata hewa safi ya bahari. Alijenga hamamu ya mjini, ambayo imeupa mtaa wa Hamamni jina lake. Mwaka 1883 ilimalizika Beit al-Ajaib, ambayo sehemu yake iliporomoka mwezi wa Disemba 2020. Lakini mimi naona kazi yake iliyo kubwa kuliko majumba yote haya ni ile isiyopigwa picha na watalii. Katika miaka ya mwanzo ya 1880 aliyachukua maji ya chemchemi za upande wa Bububu, kaskazini ya mji, akayateremsha kwa mifereji na mabomba mpaka mjini, na watu wakayateka bila ya malipo. Mwanamke aliyezoea kuteka maji ya munyu kisimani sasa alipata maji matamu. Labda ndiyo sababu hata leo sisi watu wa Unguja tunaliita bomba la maji mfereji.

Mwisho wa maisha yake ulikuwa wa huzuni. Kuanzia mwaka 1885 Wajerumani walianza kuinyakua bara, na mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana wao kwa wao kwamba ufalme wake bara uwe ukanda wa pwani wa maili 10 tu. Afya yake nayo ilikwisha. Mapema mwaka 1888 alisafiri kwenda Omani kutafuta nafuu, akarudi hali yake mbaya zaidi, na mwezi wa Machi mwaka huo akafariki hapa Unguja.

Nilipomaliza kusoma niliona jambo moja. Kuleta maji ni nusu ya kazi. Kila ndoo inayoingia nyumbani itatoka, nayo itatoka na uchafu. Nusu hii ya pili iliachiwa waliokuja baada ya Seyyid Barghash, na sehemu yake imetufikia sisi, kila mtu katika nyumba yake.

Sasa turudi kwetu. Baba alikuwa ameamua kuliziba lile tundu kwa saruji. Kabla hajafanya hivyo alikuja fundi wa bomba, mzee mmoja mpole. Alichungulia tundu kwa tochi, akaomba ndoo ya maji safi, akaimimina yote polepole, akatuambia tungoje. Hata alasiri ilipofika uvundo ulikuwa umekwisha. Mzee hakutaka malipo ila kikombe cha chai.

Alitueleza kuwa chini ya kila tundu la maji machafu bomba hupindwa kama shingo ya bata. Katika pindo lile hubaki maji kidogo daima, nayo ndiyo mlango unaozuia hewa chafu ya karo isipande ndani. Maarifa haya si mapya: Alexander Cumming, fundi saa wa Kiskoti, alipata hataza ya choo chenye pindo la namna hiyo mwaka 1775. Sisi tulipokaa Makunduchi mwezi mzima, maji ya pindoni yalikauka kwa joto, na mlango ukabaki wazi. Basi kilichoukomboa mji zamani ndicho kilichoikomboa nyumba yetu: maji safi, na mtu aliyejali kuyaleta.

Tangu siku ile kazi hii ni yangu, na napenda wenzangu muichukue majumbani mwenu. Tundu lisilotumiwa limwagieni maji kila wiki. Na mkisafiri, baada ya maji tieni kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake ili yasikauke upesi. Ondoeni nywele na mabaki ya sabuni kwenye kichujio, wala msimwage mafuta ya kupikia mengi katika tundu la jikoni, kwani yakiganda huziba na kuoza. Harufu ikiendelea, fundi atazame kama bomba la hewa linapanda mpaka juu ya paa na kama kifuniko cha karo hakina ufa. Msichanganye dawa ya klorini na siki au tindikali nyingine, kwani hutoa hewa ya sumu. Wala mtu yeyote asiingie ndani ya karo. Hewa ile inayonuka mayai viza, ambayo katika Kemia huitwa haidrojeni salfaidi, ikizidi huua.

Zamani watu walidhani harufu yenyewe ndiyo iletayo kipindupindu. Sasa tunajua kuwa maradhi hayo huletwa na vijidudu vya kinyesi vinavyoingia katika maji na chakula. Harufu ni mjumbe tu, lakini mjumbe husikilizwa. Ardhi ya kisiwa chetu kwa sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe lenye matundu. Kinachovuja karoni hakikawii kufika kisimani. Tusijidanganye kuwa hayo ni mambo ya mwaka 1869, kwa kuwa mwaka 2015 na 2016 kipindupindu kilirudi Unguja na kuchukua roho za watu.

Bibi alifungua kifurushi chake siku ile ile, na mwezi huu amekwenda kliniki kama kawaida. Majirani nao huja kumwamkia, na siku hizi hukaa mpaka adhana ya magharibi.