Padre Aliyekaa Uwanjani na Wavulana

Tarehe 31 Januari kila mwaka Kanisa hufanya kumbukumbu ya Mtakatifu Yohane Bosco, padre wa Torino katika nchi ya Italia. Siku hiyo hutukuta masanduku ya bati yamekwisha kufungwa, ada imekwisha kulipwa kwa taabu, na wavulana wetu wengi wamekwisha kuingia katika mabweni ya shule. Wazazi hurudi nyumbani wakijua masomo watakayofundishwa watoto wao na saa watakazoamka. Lakini ni nani atakayetambua kwamba kijana hakula siku mbili kwa sababu ya huzuni? Hilo hawalijui, nalo ndilo huwanyima usingizi akina mama. Basi tumeona ni vema juma hili kuwaeleza wasomaji wetu habari za mtu aliyeutoa uhai wake wote kwa ajili ya swali hilo.

Yohane Bosco alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, karibu na Castelnuovo. Baba yake, aliyekuwa mkulima, alifariki mwaka 1817, mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, hakujua kusoma wala kuandika, akabaki na wavulana watatu wa kulea: wawili wa kuwazaa, na Antonio, mwana wa marehemu mumewe kwa mke wa kwanza. Antonio hakupenda kumwona mdogo wake akishika kitabu. Ugomvi ulizidi nyumbani hata mwezi Februari 1828 mama akalazimika kumtoa Yohane, mtoto wa miaka 12, aende kutafuta kazi ya kuchunga ng'ombe katika shamba la watu wengine. Alikaa huko karibu miaka miwili. Alipopata baadaye nafasi ya kusoma mjini Chieri, alijilipia gharama kwa kushona nguo na kutumika katika duka la kahawa.

Mambo mawili ya utoto wake hakuyasahau kamwe. La kwanza ni ndoto aliyoota akiwa na umri wa miaka tisa hivi: aliwaona wavulana wengi wakigombana na kutukana, naye akawarukia kwa ngumi ili wanyamaze, ndipo akaambiwa kwamba atawapata kwa upole na wala si kwa kuwapiga. La pili halikuwa ndoto. Alizoea kuwaamkia mapadre aliokutana nao njiani, nao waliitikia kwa adabu na kupita, bila kusimama kuzungumza na mtoto. Jambo hilo lilimwuma, akaazimu kwamba akijaliwa kuwa padre yeye atasimama.

Alipewa daraja ya upadre tarehe 5 Juni 1841. Torino ulikuwa mji uliokuwa ukikua upesi, na vijana kutoka mashambani walimiminika humo kutafuta kibarua cha uashi na ufagiaji wa mabomba ya moshi. Padre Giuseppe Cafasso, mlezi wake, alimpeleka magerezani. Huko aliona vijana wenye afya na akili wakiozea ndani, na wengine wakitoka na kurudi tena, kwa kuwa nje hapakuwa na mtu wa kuwapokea.

Tarehe 8 Desemba ya mwaka ule ule alikuwa akivaa mavazi ya Misa katika sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Msakristani alimkuta humo kijana mmoja, akamtaka atumikie Misa. Kijana aliposema hajui, alimfukuza kwa kumpiga kwa fimbo. Padre Bosco alimkemea msakristani na kuagiza kijana arudishwe upesi, kwa maana huyo ni rafiki yake. Jina lake lilikuwa Bartolomeo Garelli, mwashi wa miaka 16, yatima wa baba na mama, asiyejua sala wala kusoma. Baada ya Misa padre alimwuliza maswali mengi, na kila mara jibu lilikuwa la huzuni, mpaka alipomwuliza kama anajua kupiga mluzi. Hapo kijana akacheka. Somo la dini lilianza baada ya kicheko hicho, na Jumapili iliyofuata alirudi na wenzake.

Kikundi hicho kilikua kikawa mamia. Kila mahali walipopata pa kukusanyika majirani walilalamika kwa kelele, wakafukuzwa, wakahamia kwingine, hata katika uwanja wa wazi. Wako watu waliosema padre huyu amerukwa na akili. Siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846, walipata banda la Bwana Pinardi katika mtaa wa Valdocco, nalo likawa kanisa lao. Mwezi Julai padre alianguka kwa uchovu akakaribia kufa. Wavulana waashi, waliokuwa wakibeba mawe kutwa, walifunga chakula na kukesha kwa zamu wakimwombea. Alipopona alikwenda kwao kupumzika, na mwezi Novemba alirudi Torino kwa miguu akiwa amefuatana na mama yake, aliyekuwa na umri wa miaka 58.

Hapa tungependa kusimama kidogo, kwa kuwa bweni la Valdocco lilianzia jikoni kwa mama huyu. Wa kwanza waliopewa majani ya kulalia na blanketi walitoroka alfajiri, na blanketi wakaondoka nazo. Padri mwingine angefunga mlango. Mwezi Mei 1847, usiku wa mvua, alibisha hodi yatima mmoja aliyelowa maji. Mama Margherita alimpa chakula, akamtandikia jikoni, na kabla ya kumwacha alale akamwambia maneno machache mema juu ya kazi, uaminifu na dini. Kutokana na usiku huo ilitoka desturi iliyoendelea katika nyumba zote za Wasalesiani, ya mkubwa wa nyumba kuwaaga watoto kila jioni kwa maneno mafupi ya kibaba. Mama huyu hakuwa malaika asiyechoka. Siku moja, wavulana walipomkanyagia bustani ya mboga na kuangusha nguo alizoanika, alimwambia mwanawe kwamba anarudi kwake Becchi. Mwanawe hakujibu, alimwonyesha tu msalaba ukutani. Akabaki mpaka alipokufa mwaka 1856.

Wale waliokwenda kazini mjini hakuwaacha mikononi mwa mabwana zao. Tunao hata leo mkataba wa tarehe 8 Februari 1852, aliotia sahihi pamoja na fundi seremala mmoja kwa ajili ya kijana aliyekuwa akijifunza kazi. Fundi aliahidi kumwonya kijana kwa maneno tu bila kumpiga, kutompa kazi zisizo za ufundi wake, kumwacha huru siku za sikukuu, na kumpa likizo ya siku 15 kwa mwaka. Miaka iliyofuata padre alifungua karakana zake mwenyewe za ushonaji wa viatu na nguo, ujalidi wa vitabu, useremala na uchapaji, pamoja na shule.

Mwezi Oktoba 1854 aliingia shuleni Domenico Savio, mtoto wa miaka 12, ambaye Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1954. Wengi husimulia uchaji wake, lakini sisi tunavutwa zaidi na jinsi mlezi alivyoutunza mwili wake. Mtoto huyu alitaka kujitesa kwa ajili ya toba, akaondoa blanketi kitandani wakati wa baridi kali. Padre Bosco alimkataza. Alimwagiza atimize wajibu wake kwa furaha, acheze na wenzake, na kuvumilia kwa saburi joto, baridi na maradhi yajapo yenyewe. Afya yake ilipozidi kudhoofika, alifuata shauri la tabibu akamrudisha kwa wazazi ijapokuwa mtoto alitamani kubaki. Akafia mikononi mwao tarehe 9 Machi 1857.

Mwaka 1877 Padre Bosco aliandika kwa kifupi njia yake ya malezi, aliyoijenga juu ya akili, dini na upendo. Mlezi awe katikati ya watoto daima ili makosa yazuiwe kabla hayajatendeka. Wasipigwe, wasipigishwe magoti kwa maumivu, wasiaibishwe mbele ya wenzao. Wapewe nafasi ya kutosha ya kukimbia, kuruka na kupiga kelele. Wasilazimishwe kupokea sakramenti. Zifanywe rahisi kwao, kisha waachwe waje wenyewe. Asidhani mtu kwamba huu ulikuwa ulegevu: mwizi, au mwenye kuwapotosha wenzake, aliweza kuondolewa shuleni, maana wadogo nao wana haki ya kulindwa. Tunakiri kwamba njia hii ni ngumu kuliko ile ya kiboko, kwani kiboko huchukua dakika moja na njia hii huchukua jioni nzima ya mwalimu.

Ugumu huo yeye mwenyewe aliuona nyumbani kwake. Mwezi Mei 1884, akiwa Roma, mzee na mgonjwa, aliandikia Valdocco barua ya huzuni. Shirika lake, lililoanzishwa mwaka 1859, lilikuwa limeenea mpaka Argentina. Majengo yalikuwa makubwa na wanafunzi wengi. Lakini katika ndoto alionyeshwa viwanja viwili. Katika uwanja wa zamani mapadre walicheza na kusimulia hadithi, wamezungukwa na wavulana. Katika ule wa siku zile wavulana waliegemea nguzo, wengine walinong'ona vikundi vikundi, na wakubwa wachache waliokuwapo walizungumza wao kwa wao. Wakubwa hao walifanya kazi mpaka kuchoka, na watoto waliwapenda. Ila watoto hawakujua tena kwamba wanapendwa, na kwa sababu hiyo hata kitubio kilikuwa kimepoa. Dawa aliyoitoa haikuwa sheria mpya. Aliwataka warudi uwanjani. Sisi twaona kwamba hakuna sehemu ya maisha yake inayowahusu zaidi wakuu wa shule zetu kuliko barua hii, kwa sababu iliandikiwa watu wema.

Alifariki alfajiri ya tarehe 31 Januari 1888, akiwa na umri wa miaka 72. Papa Pio XI, ambaye katika ujana wa upadre wake alipata kukaa naye siku chache Valdocco, alimtangaza kuwa mtakatifu siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934. Wanawe walifika Katanga katika Kongo mwaka 1911, na hapa kwetu Afrika Mashariki walianza kazi katika Tanzania na Kenya mwaka 1980, wakifungua shule, vyuo vya ufundi, na viwanja vya kuchezea.