Tshombe na mwisho wa Katanga hapa Kolwezi

Vijana wengi wa Dilala wanajua jina la Moïse Tshombe. Lakini wachache wanajua ya kwamba ile nchi yake ya Katanga ilimalizikia hapa hapa kwetu Kolwezi, mwezi wa kwanza 1963.

Tshombe alizaliwa tarehe 10 Novemba 1919 kule Musumba, kwa Mwant Yav. Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri. Yeye alisoma kwa wamisionari Wametodisti, akafanya biashara, kisha akaingia siasa na kuongoza chama cha Conakat. Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru, alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Kompani ya Union Minière ililipa kodi kwake. Kaskazini, Waluba wengi waliokataa utawala wake walipigwa na vijiji vyao vikachomwa. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mikononi mwa utawala huo.

Mwisho wa Desemba 1962 askari wa ONU walianza kusonga mbele. Tshombe akakimbilia Rhodesia. Angeweza kubaki huko ao kwenda Ulaya. Lakini alirudi, akaja Kolwezi, mji mkubwa wa mwisho uliobaki mikononi mwake.

Hapa mambo yalikuwa mazito. Tshombe alikuwa ametisha kuharibu kila kitu, na baruti ilikuwa imetegwa kwenye bwawa la Nzilo, juu ya mto Lualaba. Kama bwawa lingepasuka, migodi ingekosa umeme, na maelfu ya familia zingekosa mkate.

Tarehe 14 Januari, akiwa hapa Kolwezi, Tshombe alikubali kwamba Katanga imekwisha. Tarehe 17, miaka miwili kamili baada ya kifo cha Lumumba, alikubaliana na ONU waingie bila vita. Waliingia tarehe 21. Mamluki na wajandarma wengi walikuwa wakivuka kwenda Angola. Bwawa halikulipuliwa.

Baadaye alienda Ulaya. Julai 1964 aliitwa tena, akawa waziri mkuu wa Kongo nzima, ile ile aliyotaka kuikata. Oktoba 1965 Rais Kasa-Vubu alimfukuza kazini. Mobutu alipochukua utawala, Tshombe alihukumiwa kifo akiwa ugenini. Juni 1967 ndege yake ilitekwa na kupelekwa Algeria. Alifia kule kifungoni tarehe 29 Juni 1969. Alizikwa Ubelgiji.

Wengine wanamwita mtetezi wa Katanga, wengine msaliti wa Kongo, na damu iliyomwagika haisahauliki. Lakini ule uamuzi wa Januari 1963 uliokoa mji huu, na Nzilo ingali inatoa umeme. Kama babu ao bibi yako alikuwa Kolwezi mwaka ule, muulize aliona nini. Usingoje.